Maswali na Majibu: Watoto 92, Mpira Mmoja

Barua nyingi za safari hii zimehusu kipindi cha michezo na afya katika shule za msingi. Waandishi wengi ni walimu, mmoja ni mzazi. Tumefupisha maswali na kuondoa majina.

Nafundisha darasa la nne lenye wanafunzi 92. Tuna mpira mmoja wa miguu na kiwanja kisicho na magoli, na kipindi ni dakika 40. Nikiwaachia mpira, wavulana wachache wanauteka na wengine wanakaa chini ya mti. Nikiwapanga mistari, wanasukumana. Nifanyeje? (Mwalimu, Kahama)

Mwalimu, wanasukumana kwa sababu hawana kazi. Piga hesabu ya mstari wenyewe: watoto 20 nyuma ya mpira mmoja, kila mmoja akitumia sekunde 15 kuukokota na kuurudisha, zamu inamrudia mtoto baada ya dakika 5. Katika dakika 25 atakuwa ameugusa mara tano, yaani amefanya mazoezi sekunde 75. Muda wote uliobaki amesimama juani akitazama kisogo cha mwenzake. Hapo hakuna stadi itakayojengeka, na nidhamu nayo haiwezi kukaa.

Uvunje mstari. Gawa darasa makundi manne ya watoto 23, kila kundi na kituo chake. Kituo cha kwanza ni kuruka kamba: kamba nne za katani za mita 4 hivi, wawili wanazungusha, waliobaki wanaruka, na baada ya miruko 10 wanapokezana. Cha pili ni kurusha na kudaka: watoto watatu watatu kwa kila mpira mdogo wa soksi, kwa hiyo andaa mipira minane. Cha tatu ni rede, michezo miwili kwa wakati mmoja. Cha nne ndicho cha kandanda: viwanja viwili vidogo vya mita 20 kwa 15, sita kwa sita, kimoja kikitumia ule mpira wenu na kingine chandimu. Magoli ni mawe au matofali mawili, na hakuna mlinda mlango, ili asiwepo mtoto anayesimama tu.

Muda ugawe hivi: dakika 5 kutoka darasani na kujipanga, 5 kupasha misuli, vituo vinne vya dakika 5, dakika moja kwa kila uhamaji, 3 za kupoza mwili na 4 za kunawa. Jumla 40, wala hazibaki. Kwa hiyo vifaa viwe vimeshawekwa uwanjani kabla ya kengele. Wape kazi hiyo viranja wanne wakati wa mapumziko.

Kipindi cha kwanza usitarajie mchezo. Fundisha filimbi. Mlio mmoja, kila mtu asimame na kifaa kiwekwe chini. Milio miwili, kundi lihamie kituo kinachofuata, wote kwa mwelekeo mmoja wa mzunguko. Rudieni bila mipira hata mara tano. Walimu wengi huruka hatua hii, kisha wiki ya pili wanasema vituo haviwezekani kwa darasa kubwa. Kinachoshindikana ni kuhamisha watoto 92 ambao hawajaambiwa waende wapi.

Mambo matatu huharibu vituo. La kwanza ni kuvisogeza karibu mno: acha mita 8 hadi 10 kati ya kituo na kituo, na cha kandanda kiwe pembeni kabisa, mbali na barabara na madirisha. La pili ni mawe na vigae kwenye kituo cha kamba. Kipite kwanza kwa macho yako mwenyewe. La tatu ni kanuni ya kutoka. Katika rede ya mtaani aliyepigwa na mpira anatoka na kukaa, na wa kwanza kutoka ni yule asiyejua kukwepa, ambaye ndiye alihitaji kucheza zaidi ya wote. Ibadili: aliyepigwa ajiunge na warushaji, au aendelee kucheza huku akihesabu mwenyewe amepigwa mara ngapi.

Kuhusu chandimu: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, ile ya kufunga nailoni juu ya nailoni haipatikani kirahisi. Anza na kiini cha sponji ya godoro bovu, ukubwa wa ngumi mbili za mtu mzima. Kizungushie vitambaa mpaka mzingo ufike sentimita 60 hivi, huku ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Kisha chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliotoboka, ukate vipande virefu vya upana wa sentimita moja, uvizungushe kila upande mpaka kitambaa kisionekane. Raba hiyo ndiyo inayoufanya mpira udunde kidogo na usifumuke. Ukiishia kwenye kitambaa na kamba tu, utadumu wiki moja, na siku ya umande utalowa na kuwa mzito kiasi cha kuumiza vidole vya miguu. Mtoto yeyote wa darasa lako ataweza kuutengeneza akionyeshwa mara moja. Waambie kila watatu walete mmoja, na ndani ya mwezi mtakuwa na mipira 30.

Kipindi chetu cha michezo kimepangwa saa sita mchana. Mwezi uliopita wanafunzi wawili walianguka. Je, tukifute? (Mwalimu wa taaluma, Tandahimba)

Kihamishe, msikifute. Somo la kusoma linaweza kukaa saa sita ndani ya darasa lenye kivuli. Somo la kukimbia haliwezi. Badilishaneni na kipindi cha kwanza au cha pili asubuhi. Ikishindikana wiki hii, fanyieni chini ya miti stadi zisizo na mbio: kudaka, shabaha, kusimama kwa mguu mmoja, kupima mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni.

Lakini ulizeni pia wale wawili walikuwa wamekula nini. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila chai, akatembea hadi shuleni, akifika saa sita hana kitu mwilini, na huanguka hata siku ya mawingu. Kama shule inapika uji, mazoezi yafuate baada ya uji kwa nusu saa hadi saa moja.

Maji wanywe kabla ya kuanza, kisha mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Anayelalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mlaze kivulini, inua miguu yake, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kutokukutambua, hiyo ni dharura: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Msimnyweshe kitu akiwa katika hali hiyo.

Na wanaofunga Ramadhani? (Mwalimu, Chake Chake)

Kipindi kiwe cha kwanza asubuhi, wakati maji ya daku bado yapo mwilini, na kazi iwe ya ufundi kuliko mbio. Usimuulize mtoto mbele ya wenzake kama amefunga. Mwezi huo ni mzuri kwa kufundisha sheria za mchezo: wagawie filimbi, saa na daftari la alama, kila mmoja aamue mchezo wa dakika tano na aeleze sababu ya uamuzi wake.

Binti yangu wa darasa la tano ana pumu. Mwalimu amemruhusu kukaa pembeni vipindi vyote vya michezo. Namshukuru, ila naona mtoto ananenepa na kujitenga. Nifanye nini? (Mama wa mtoto, Tabata)

Mama, mwalimu amefanya hivyo kwa huruma, lakini pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kucheza. Anza kliniki. Mwombe daktari aandike kwenye karatasi moja dawa anazotumia mtoto, kama anatakiwa kuvuta dawa ya kufungua njia ya hewa kabla ya mazoezi (mara nyingi ni dakika 10 hadi 15 kabla), na la kufanya akibanwa. Nakala moja mpe mwalimu wa darasa, nyingine mwalimu wa michezo. Kama anabanwa kila anapocheza hata akiwa na dawa, mweleze daktari. Huenda pumu yenyewe haijadhibitiwa.

Jambo la pili ni mahali dawa inapokaa. Ikifungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, haina faida kwa mtoto aliyebanwa uwanjani mita 200 kutoka hapo. Iwe mfukoni mwake au mkononi mwa mwalimu. Ikiwa hamna kile chombo cha kuvutia dawa, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa: toboa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa kopo la dawa, ingiza, ziba pembeni kwa gundi ya karatasi hewa isipite, na mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa.

Uwanjani, mwalimu ampe muda mrefu zaidi wa kupasha misuli, dakika 10 za kuongeza mwendo polepole. Michezo ya kukimbia kidogo na kupumzika, kama rede au netiboli, humfaa kuliko mbio ndefu zisizo na kituo. Kiwanja cha vumbi kinyunyiziwe maji kabla. Kukifagia kikavu muda mfupi kabla ya kipindi ni kumtafutia mtoto matatizo. Akianza kukohoa, kifua kikilia miruzi, au akashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, aache, akae wima akiegemea mbele kidogo, asilazwe. Apewe dawa kama daktari alivyoandika, na nafuu isipoonekana apelekwe hospitali bila kungoja kipindi kiishe.

Wazazi wenye watoto wa sikoseli wasichukue jibu hili kama lao. Mtoto huyo naye anacheza, ila anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa, asishindanishwe mpaka achoke kabisa, na asikae na nguo mbichi kwenye baridi. Maumivu ya kifua au ya mifupa ni ishara ya kuacha papo hapo na kwenda kituo cha afya.

Wasichana wa darasa la sita na la saba kila kipindi "wanaumwa". Wavulana wanawacheka. (Mwalimu wa kike, Newala)

Wengi hawaumwi. Wanaogopa sketi kupanda, wanaogopa doa, na wanaogopa kutazamwa. Kila hofu ina jibu lake.

Mavazi: taiti au bukta ndefu ndani ya sketi, fulana isiyobana, na chumba cha kubadilishia kinachofungwa, hata kama ni darasa lililoachwa wazi kwa dakika tano. Anayevaa hijabu achomeke ncha zake ndani ya fulana na atoe pini zote. Pini moja ikifunguka kwenye kudaka mpira inaweza kuchoma jicho la mtu.

Hedhi: hakuna ubaya wa kukimbia ukiwa katika siku zako, na wengine mazoezi huwapunguzia maumivu ya tumbo. Lakini uamuzi uwe wa msichana, na asidaiwe sababu mbele za watu. Panga naye ishara, kwa mfano akikabidhi daftari lake kwako basi siku hiyo atashika saa. Weka taulo za kike na nguo ya ndani ya akiba mahali anapoweza kuchukua bila kuomba, na hakikisha choo kina maji na mlango. Somo la balehe lifundishwe mapema, darasa la tano, na wavulana walisikie nalo. Anayeelewa kinachotokea hana cha kucheka.

Michezo: waulize wanataka nini. Kuruka kamba kwa dakika tatu mfululizo kunachosha moyo na mapafu kuliko kandanda la kusubiri pasi. Usiwaache manahodha wachague timu mmoja mmoja mpaka abaki wa mwisho. Gawa kwa hesabu, moja, mbili, moja, mbili. Na mwalimu yeyote, wa kike au wa kiume, aonyeshe mtindo kwa mwili wake au kwa mwanafunzi aliyejitolea, asiwashike wanafunzi viuno na mapaja kuwarekebisha.

Tunajiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Wasichana wangu wanne wana kasi, lakini kwenye mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, kijiti kinaanguka au tunaondolewa kwa kupokezana nje ya eneo. Na wa mita 800 wanaondoka kama mshale, mzunguko wa pili wanatembea. (Mwalimu wa michezo, Sumbawanga)

Kijiti kwanza. Kama mnatumia ubao au rungu, acheni. Kijiti halali kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 na mzingo wa sentimita 12 hadi 13. Kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 40 kwa nje kinatosha kabisa. Kilainishe ncha kwa msasa.

Mikono ipangwe mara moja na isibadilike. Wa kwanza anabeba kwa mkono wa kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hakuna kuhamisha kijiti mkononi wakati wa kukimbia. Vijiti vingi huangukia hapo. Anayepokea anyooshe mkono nyuma, kiganja kikitazama chini, kidole gumba kikiwa kimeachana na vingine, na mtoaji asukume kijiti kutoka chini kwenda juu kwenye ile nafasi.

Eneo la kupokezana ni mita 30. Mpokeaji asimame mwanzoni mwake, kisha pima nyayo zake 18 kurudi nyuma na uweke alama ya majivu. (Chokaa iacheni, inachoma macho.) Mtoaji akikanyaga alama, mpokeaji aondoke kwa nguvu zote bila kugeuza shingo. Mtoaji akimgonga mpokeaji, alama iko karibu, irudishe nyuma nyayo mbili. Mpokeaji akimkimbia mtoaji, alama iko mbali, isogeze karibu. Rekebisheni hivyo kila jozi peke yake mpaka kijiti kipite katikati ya eneo au mbele kidogo. Kumbusha kwamba mwamuzi anaangalia kijiti kilipo, haangalii miguu.

Makosa mawili utayaona kwa macho. Mpokeaji anakimbia na mkono umenyooshwa nyuma tangu hatua ya kwanza, hivyo hapati kasi, mkono utoke tu anaposikia "Shika!" Na mtoaji anapunguza mwendo akishaona mwenzake karibu, mwambie akimbie mita tano zaidi baada ya kutoa, ndani ya njia yake. Mazoezi yaanze wakiwa wamesimama safu moja, kijiti kikitoka nyuma kwenda mbele, kisha wakitembea, kisha mwendo wa mchakamchaka. Kasi kamili ije siku za mwisho wa wiki.

Mita 800: watoto wengi wamesikia habari za Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Yeye alikuwa amejenga mwili wa kuhimili hilo. Mwanafunzi anayelenga dakika 3 apite mita 400 kwenye sekunde 88 hadi 90, asitangulie zaidi ya hapo. Mfundishe mwendo kwa mita 200 mara nne, kila moja sekunde 45, akipumzika dakika mbili katikati. Anayekuja na sekunde 40 amekosea sawa na anayekuja na 50. Baada ya wiki tatu ataanza kuusikia mwendo miguuni bila saa.

Ni sawa wachelewaji kuzungushwa uwanja mara kumi? Wanafanya mazoezi pia. (Mwalimu wa zamu, Singida)

Hapana. Mchakamchaka wa asubuhi wenye nyimbo watoto wanaupenda; ukigeuza kukimbia kuwa adhabu, unawafundisha kukichukia kitu kile kile tunachotaka wakifanye maisha yao yote. Tena anayechelewa mara nyingi ni yule atokaye mbali, na ameshatembea vya kutosha.

Vibuyu chirizi vyetu (madumu ya kunawia yanayoinamishwa kwa kukanyaga kamba) vinaharibika kila mwezi, na foleni ya kunawa baada ya michezo inakula kipindi kinachofuata. (Mwalimu wa afya, Kondoa)

Foleni inatokana na watoto kusugulia mikono hapo hapo kwenye maji. Wafundishe hatua tatu: loanisha na shika sabuni, ondoka pembeni usugue sekunde 20 (viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha), kisha rudi suuza. Kila mtoto atatumia kibuyu sekunde 10 hivi. Kwa vibuyu vinne, watoto 92 wanamaliza ndani ya dakika 4.

Kuharibika kunatokana zaidi na tundu. Dumu la lita 5 litobolewe kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja, upande wa mbele, sentimita 10 hadi 12 chini ya kifuniko. Ukitoboa karibu na kitako litavuja mchana kutwa. Ukitoboa kubwa, watoto kumi wa mwanzo wanamaliza maji. Dumu lining'inie kwenye fito lililolala juu ya panda mbili zilizochimbiwa angalau sentimita 40, na kamba ya kukanyagia ifungwe shingoni mwa dumu, siyo kwenye mshikio, ili liiname mbele badala ya kujipinda. Kamba ikilegea kwa mvua, mti wa kukanyaga unagusa chini na dumu halilali: ikaguliwe kila Jumatatu. Chini mwageni kokoto, la sivyo patakuwa tope na mbu. Sabuni itobolewe, ipitishwe uzi, ifunikwe na kopo lililokatwa ili mvua isiiyeyushe.

Mtoto akitoka damu puani uwanjani, tumwinamishe kichwa nyuma? (Mwanafunzi wa ualimu, Korogwe)

Usimwinamishe nyuma, damu inaingia kooni na kumtapisha. Mkalishe, ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 10 bila kuachia kuchungulia, huku akipumua kwa mdomo. Damu ikiendelea, abane dakika 10 nyingine. Ikipita nusu saa, au ikiwa imetokana na pigo zito la kichwa, aende kituo cha afya. Siku hiyo asipenge kamasi kwa nguvu, asichokonoe pua, na asirudi mchezoni.